Isipokutosha, Irudishe

Kosa la Fundi lilikuwa kuuza kitabu chini ya kile kibao. Kibao kilining'inia juu ya mlango wa duka lake la ushonaji tangu alipolifungua, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: ISIPOKUTOSHA, IRUDISHE. TUNAREKEBISHA BURE. Kwa suruali na magauni, kibao hicho kilimletea wateja. Kwa riwaya kilimletea balaa, na balaa lenyewe lilianza kwa kicheko, kama yanavyoanza mabalaa mengi.

Riwaya ilikuwa yake mwenyewe. Aliiandika kidogo kidogo, kati ya nguo na nguo, akaichapisha kwa fedha zake kwa kuwa wachapishaji aliowapelekea hawakumjibu hata kwa tusi. Ilisimulia mtoto wa kiume aliyefiwa na mama, akalelewa na mama wa kambo mwenye roho ya kutu, akaja kuokolewa na fundi cherehani mmoja mzee, Mzee Uzi, aliyemfundisha kazi mpaka akawa mtu mbele ya watu. Nakala zilipofika, Fundi alizipanga chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasimamisha moja dirishani kati ya shati la shule na gauni la harusi, akakaa kungoja sifa.

Wa kwanza kurudi alikuwa muuza nyama wa ng'ambo ya barabara. Aliingia na kitabu kwapani, akakilaza mezani kama mtu anayelaza koti.

"Fundi, kitabu kizuri. Ila huku mwishoni kinabana."

"Kinabana vipi?"

"Kijana hajaoa! Nimemsoma toka anatambaa, nimemhurumia, halafu mwisho unaniachia mtu kasimama stendi peke yake na mfuko wa nguo. Mpe yule binti wa duka la madaftari. Nitapitia keshokutwa."

"Ndugu yangu, kitabu hakirekebishwi. Kikishachapwa, basi."

Muuza nyama aliinua macho juu ya mlango, akayateremsha tena kwa Fundi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Kile kibao kinasemaje?"

"Kile ni cha nguo."

"Kitabu umeniuzia wapi? Sokoni? Umeniuzia hapa hapa, chini ya kibao. Au maneno yako yanachagua bidhaa?"

Fundi alicheka, akaahidi kulifikiria, na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Habari ikapita mtaani kwamba vitabu vya Fundi vina marekebisho. Mwalimu mstaafu akaja kuomba mvua zipunguzwe, maana kila mtoto akilia mvua inanyesha, na kwa hesabu yake nchi hiyo ingekuwa imeshazama. Dada mmoja wa duka la dawa alitaka sura ya shule ikatwe pindo. Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye hakununua kitabu bali alikiazima kwa mteja aliyekuwa ananyolewa, alikuja akiwa na majonzi ya kweli.

"Mzee Uzi umemuua kwa nini?"

"Alikuwa mzee."

"Wazee wangapi wapo na hawafi? Yule mzee mimi namjua, Fundi, usinifiche. Alikuwa anakaa kule chini, karibu na daraja. Nimemnyoa kwa mikono yangu hii."

Fundi alijua vizuri kwamba Mzee Uzi hakuwahi kukaa karibu na daraja wala mbali nalo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alipoona jinsi wasomaji walivyompenda yule mzee, alianza kuitikia kwa kichwa, na wakati mwingine alishusha pumzi kama mfiwa. Juu ya mama wa kambo hakuna aliyeomba marekebisho. Wote walisema amekaa vizuri, tena mbaya kweli kweli, na wakasema hivyo huku wakichungulia pazia la nyuma.

*

Nyuma ya pazia kulikuwa na ua, na uani alikaa Bibi. Bibi alikuwa mama wa kambo wa Fundi, yule wa kweli, mzima wa afya. Mtaa ulimwita Bibi kwa sababu ulimwachia watoto wake. Akina mama waliowahi kazini walimpitishia wadogo asubuhi, wakawafuata jioni wameshiba na kuoga. Walimlipa kidogo, na kwa kidogo hicho Bibi alinunua sabuni yake na chumvi yake, na hakumwomba mtu. Kelele za uani zilipozidi, Fundi alikuwa akilalamika kwamba hasikii hata cherehani yake mwenyewe.

Sasa alikuwa anaisikia vizuri mno. Kwanza hakuletwa mjukuu wa muuza nyama. Halafu akakatika mtoto wa dada wa duka la dawa, eti kapata chekechea. Walibaki pacha wawili wa mama mmoja muuza mitumba, anayeitwa Mama Pacha, nao asubuhi moja hawakuja, wala hakuna aliyekuja kusema kwa nini. Bibi alikaa kwenye kigoda chake na beseni la maji ya kuwaogeshea mpaka jua likayapasha moto bure.

"Hata kwenye bomba hawanisalimii sawasawa," aliwaambia Fundi na mkewe wakati wa chakula. "Shikamoo yenyewe wananitupia kama ganda la ndizi. Nimemkosea nani mimi?"

"Watu wana mambo yao, Mama," alisema Fundi, akiangalia sahani.

"Labda nimeanza kunuka uzee. Watoto wananusa haraka."

Fundi alijichotea mboga ambayo hakuihitaji. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akishona vifungo na kupiga pasi dukani, alimtazama bila kupepesa.

"Na miwani yangu imefikia wapi?" Bibi akauliza. "Ningekuwa nasoma hicho kitabu chako, walau siku ingekwenda. Mtaa mzima umekisoma, mimi mwenye mtoto sijui hata kinaanzaje."

"Fundi wa miwani anasema kioo bado hakijafika."

"Kioo hicho kinakuja kwa magoti?"

Ukweli ni kwamba kioo kilifika zamani. Miwani ilikuwa imelala kwenye droo ya cherehani, imeviringwa kwenye kipande cha bitana, na kila Fundi alipofungua droo kuchukua bobini ya uzi aliifunika tena vizuri kama mtoto mwenye homa. Mkewe aliigundua siku hiyo hiyo alipokuwa akitafuta kifungo cha koti. Aliishika kwa ncha ya vidole, akaipunga mbele ya pua ya mumewe.

"Hii ni nini?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Wakati mzuri wa nini? Wa Mama kuwa kipofu?" Alivuta kiti akaketi. "Wewe, niambie. Yule mama amekulea toka una meno ya utoto. Lini alikunyima chakula? Lini alikufungia nje?"

"Mke wangu, huelewi mambo ya uandishi. Kitabu bila mtu mbaya hakiendi. Nani atanunua habari za mtoto aliyelelewa vizuri?"

"Sawa. Na Mzee Uzi ulimtoa wapi?"

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, ikanguruma, akajifanya hakusikia. Alikuwa hana nguo chini ya sindano.

*

Mama Pacha alikuja kuchukua sketi yake iliyowekwa zipu mpya. Alikuwa na macho ya kuvimba, na Fundi alifurahi kabla hajaambiwa, kwa sababu alikwisha jifunza kuyatambua macho ya namna hiyo.

"Sura ya tano," alisema Mama Pacha. "Mtoto anaomba maji, yule mwanamke anayamwaga chini mbele yake. Nililia, Fundi. Nilimwacha mteja ananing'iniza blauzi mkononi, mimi nalia. Kumbe umepita huko, na sisi tunakuona hivi hivi tu."

"Ah, ni maisha."

"Nimewahamisha wanangu. Sikusema kitu, najua bado unamtunza, na Mungu atakulipa. Lakini wanangu siwezi. Yule mwanamke mpya ninayempa anataka mara mbili ya Bibi, wala hawaogeshi, jana wamerudi wamevaa viatu vya watu. Lakini afadhali."

Hapo ndipo mtu mwenye moyo angesema. Fundi alifungua kinywa. "Sikiliza, Mama Pacha. Yule wa kitabuni, unajua, si kwamba..."

"Si kwamba nini?" Uso wake uligeuka ghafla. "Usiniambie umetunga. Machozi yangu nimemwaga kwa kitu cha kutunga?"

Fundi alimwangalia msomaji wake aliyelia. Maishani mwake alikuwa ameshona nguo zisizo na idadi na hakuna mtu aliyewahi kulilia pindo. "Si kwamba ni rahisi kuyasema," alimalizia, akamkunjia sketi. Alijiona mdogo kuliko kifungo cha shati, na bado alimtoza pesa ya zipu.

Nyuma ya pazia mkewe alisikia yote. Hakugomba. Alifungua droo, akatoa miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaenda nayo uani moja kwa moja pamoja na kitabu.

*

Bibi alisoma. Alisoma kwenye kigoda, akasoma jikoni huku sufuria ikichemka, akilamba kidole kila anapogeuza ukurasa. Fundi alipita pita uani kwa visingizio, mara anatafuta mkasi, mara anaanua kamba isiyo na nguo, na kila alipopita alijaribu kuona amefika ukurasa gani. Bibi hakumwambia neno ila la kawaida: chumvi hiyo, maji hayo, mlango umeufunga? Kimya hicho kilimtesa kuliko kipigo chochote alichokiandika.

Alipomaliza, alioga vizuri, akatoa begi lake la nguo kutoka uvunguni. Mke wa Fundi alimwona akakimbilia dukani.

"Mama katoa begi."

Fundi aliinuka, akakaa, akainuka tena. Bibi alikuwa na binti yake wa kuzaa mji wa mbali, ambaye kila mara alimtaka aende akakae kwake. Fundi alijua begi hilo likitoka halitarudi, na kwamba hana hata neno moja la kulizuia, yeye aliyejaza kitabu kizima kwa maneno. Kabla hajaamua aanze na samahani ipi, mlango wa mbele ulitiwa giza. Bibi aliingia kupitia mlango wa wateja, ambao hakuwa na mazoea ya kuutumia. Begini alikuwa ametoa gauni lake la kwendea harusini, na ndilo alilovaa. Miwani ilikuwa puani, na kitabu mkononi, kimefunikwa kwa gazeti kisichafuke. Kwenye benchi walikaa kinyozi na Mama Pacha. Bibi alikaa mwisho wa benchi. Mama Pacha akasogeza mkoba wake, akaanza kuhesabu vifungo vya gauni lake mwenyewe.

"Mama, pita ndani," Fundi alisema.

"Kuna foleni. Mimi ni mteja leo."

"Bibi atangulie tu," alisema kinyozi.

"Hapana, mwanangu, umeniwahi. Sema shida yako."

Kinyozi alikuna kichwa alichokinyoa mwenyewe asubuhi. "Mimi nilikuja tena kwa lile la Mzee Uzi. Kwamba asife."

"Hata mimi sikupenda," Bibi alisema. "Haya, mwenzangu?"

Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo kwamba amekuja kununua nakala ya dada yake, yeye hana la kurekebisha.

"Basi ni zamu yangu." Bibi alisimama, akakiweka kitabu mezani. "Nina mawili. Kibao ni kile, nimekisoma."

"Mama, zile fimbo zote nitazi..."

"Fimbo ziache. Umezishona vizuri. Hata mimi nilipofika pale nilimchukia yule mwanamke, nikasema, jamani, huyu hana majirani?" Kinyozi alicheka, akajiziba mdomo. "La kwanza ni maharage. Sura ya tatu unasema mtoto alipewa maharage mabichi. Roho mbaya nimekubali, kitabu ni chako. Maharage mabichi sikubali. Yatoke jikoni kwangu mimi? Umewahi kula maharage mabichi kwangu wewe?"

"Hapana, Mama."

"Sema watu wasikie."

"Hapana, Mama!"

"La pili ni huyu mzee." Alifungua kitabu mahali alipokuwa ameweka uzi mwekundu, akakisogeza mbali kidogo na uso. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesomea watoto. "'Mzee aliulamba uzi, akausokota kwa vidole viwili, akamwambia kijana: Usilikimbize tundu. Tulia, litakuja lenyewe.'" Akavua miwani. "Huyu mzee alikuwa anakaa wapi, baba?"

"Karibu na daraja," kinyozi alidakia. "Mimi nilimnyoa..."

"Hebu nyamaza wewe," alisema Mama Pacha. Alikuwa amesimama, mkoba umemdondoka na hakuuokota. "Wanangu wanasema hivyo. Wakifunga vifungo vya shati. Mmoja akilia kifungo hakiingii, mwenzake anamwambia, usilikimbize tundu, tulia, litakuja lenyewe. Nilipolikuta kitabuni nikajiuliza wanangu wamesomewa na nani. Nikasema labda redio." Alimgeukia Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mke wa Fundi alikuja kusimama penye pazia.

"Mtu mmoja umemkata vipande viwili," Bibi alimwambia Fundi. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukali ukanipa mimi. Mikono yangu ukampa mwanamume ambaye hayupo. Ule ukali ningeuvaa, nimevaa mengi. Lakini hii mikono ndiyo mali niliyokuja nayo kwa baba yako. Sikuwa na kingine cha kukupa."

Fundi alilia. Alilia waziwazi, mbele ya wateja, na mvua haikunyesha. "Walinicheka, Mama. Shuleni. Mtoto wa kiume anashona vifungo, anafundishwa na mama yake wa kambo. Nikawaambia si mama, ni mzee mmoja fundi, mashuhuri. Wakauliza jina, macho yangu yakaangukia uzi kwenye kaptura yangu. Basi akawa Mzee Uzi. Nilipoandika kitabu nilimkuta bado yupo."

"Kumbe!" alisema Bibi. "Mimi nakulea wewe, na wewe unalea mzee!"

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mke wa Fundi, na mwisho Bibi mwenyewe, mpaka ikabidi afute miwani aliyokwisha ivua. Fundi alicheka na kulia pamoja, jambo ambalo halina heshima kwa mtu mzima, na hakulijali.

"Nitalirekebisha," alisema.

"Bure," Bibi akamkumbusha.

*

Kitabu kilichochapwa hakifumuliki kama suruali. Lakini Fundi alikuwa fundi kabla ya kuwa mwandishi. Aliandika ukurasa mmoja, akaupeleka kwa mwenye mashine ya kurudufu, akarudi na bunda la karatasi ili kila nakala ishonewe ukurasa wake mbele kabisa, kwa cherehani. Nakala tatu za kwanza alizishona mwenyewe. Mshono ulikwenda kombo, karatasi ikachanika.

"Ondoka hapo," alisema Bibi. "Karatasi haivutwi. Inaongozwa."

Akakalia kiti. Chini ya meza pacha wawili, waliorudishwa asubuhi na mama yao pamoja na mche mzima wa sabuni na samahani isiyoisha, walikuwa wakigombania vipande vya kitambaa. Dirishani wasomaji walipanga mstari na nakala zao, kila mmoja akisoma ukurasa mpya juu ya bega la mwenzake. Muuza nyama, ambaye mjukuu wake naye alikuwa tayari uani, alisema ni sawa, lakini kijana bado hajaoa. Mwalimu alikuta kosa la nukta. Kinyozi alisoma kwamba Mzee Uzi hakuwapo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua zaidi, na mpaka leo anasema alimnyoa.

Bibi alikuwa ameshona bila kusoma, macho kwenye mshono. Ilipofika nakala yake mwenyewe, ile yenye gazeti, alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akavaa miwani. Ukurasa ulikuwa mfupi. Ulisema mzee wa kitabuni ametungwa. Ulisema aliyemfundisha mwandishi kutia uzi kwenye sindano, na kungoja tundu lije lenyewe, ni mama yake. Ulisema pia kwamba maharage yaliiva siku zote.

Alisoma mara mbili. Akaweka kidole mahali.

"Hapa kuna neno limesahaulika. Umeandika 'mama yangu' tu. 'Wa kambo' iko wapi?"

"Haikusahaulika, Mama," alisema Fundi. "Nimeipunguza. Ilikuwa inabana."

Bibi aliendelea kuutazama ukurasa kwa muda, kana kwamba maandishi yalikuwa mengi. Kisha aliinamisha kichwa, akausogeza chini ya sindano.

"Shika hiyo kona vizuri," alisema. "Unaipinda."